Sauti Iliyouliza Kama Tumelala

Nyumbani kwetu Majengo, pale Mbeya, neno lililofanya kazi kuliko mtu yeyote mle ndani lilikuwa "mhuni". Kijana asiye na kazi alikuwa mhuni. Kijana mwenye kazi, ambaye amelipwa na anaonekana kuifurahia siku yake, alikuwa mhuni vilevile. Wanaume waliorudi kutoka migodi ya kusini na suti zao, kofia zao za kulaza upande na magitaa mabegani, hao walikuwa wahuni waliokubuhu. Mwanamke aliyepanga chumba peke yake hakuitwa mhuni, kwani kwa ajili yake kulikuwa na neno jingine, nasi watoto tulifukuzwa kwanza ndipo litamkwe.

Mwenye kauli ya mwisho kuhusu nani mhuni na nani si mhuni alikuwa bibi, mama yake baba. Alizaliwa Kilwa, akaletwa bara na marehemu babu enzi watu walipokimbilia dhahabu ya Chunya. Dhahabu iliwapita, babu akafungua duka dogo la nguo, akafa, akamwachia baba duka na bibi lawama zake zote juu ya baridi. Bibi hakuwahi kuikubali Mbeya. Mpaka uzee wake aliiita "huku safarini", kana kwamba mizigo ilikuwa bado imefungwa na lori linapiga honi nje.

Tangu babu afariki bibi hakuwa ametia mguu sokoni, lakini hakuna aliyejua habari za sokoni kumshinda. Alizipokea dirishani. Dirisha lake lilitazama njia, nalo lilikuwa la mbao, bila kioo, la kufungua kwa nje. Wapitaji walisimama pale kumsabahi, naye akawauliza mjini kuna nini. Kwa kuwa hakuna aliyetaka kumvunja moyo bibi mzee kwa kumwambia hakuna kitu, walimpa kitu. Kufikia adhuhuri bibi alikuwa ameshawajua walioibiwa, waliopigwa na waliopotea, na jioni baba akirudi kutoka dukani, dukani ambako ni katikati ya mji wenyewe, aliketi kusimuliwa na mama yake mambo yaliyotokea mbele ya mlango wake.

Mimi ndiye niliyepita huko kila siku, kwenda na kurudi shule, na mimi sikuulizwa. Nilipita soko, nikapita stendi ya malori, nikapita kilabu cha pombe, nikakata kona kwenye baraza za Uhindini ndipo nipande kilima cha shule. Niliwaona kina mama wa Kisafwa wakishusha mizigo ya viazi iliyowazidi kimo. Niliwaona matingo wakigombania abiria wa Iringa, kila mmoja akiapa kwamba lori lake linaondoka sasa hivi, na nikirudi mchana malori yote yapo palepale. Mhuni mkubwa kuliko wote wa njia ile alikuwa mlevi mmoja wa pale kilabuni. Kila nilipopita alivua kofia, akainama mpaka karibu aanguke, akasema, "Shikamoo, mwalimu." Ni kwa sababu nilibeba vitabu. Mimi nilimwitikia marahaba kwa sauti nzito na kwenda zangu. Huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuniita mwalimu, na wa mwisho.

Nilikuwa darasa la nne. Mwishoni mwa mwaka ule kulikuwa na mtihani, na wasichana ambao wangefaulu wangekwenda kwenye shule ya kati ya bweni. Mwalimu wetu, mwanamke mwembamba aliyetembea upesi kuliko wanaume, aliniambia waziwazi kwamba nitafaulu. Sikuwahi kutaka kitu, wala kabla ya hapo wala baadaye, kama nilivyoutaka mtihani ule. Nilizirudia hesabu zangu kichwani nikiosha vyombo, nikazirudia nikitandika kitanda cha bibi, naye akiona midomo yangu inacheza alidhani nasoma dua, akanisifu.

Basi msimu wa baridi ukaingia, ule wa ukungu kushuka kutoka mlima Loleza na kukaa mlangoni kama mgeni asiyeaga. Alfajiri moja bibi alikuwa ameshaswali, amerudi kitandani kujifunika, akasikia nje ya dirisha lake sauti ya mwanamume ikiuliza taratibu, kwa upole kabisa:

"Mmelala?"

Sauti ikangoja kidogo, ikauliza tena: "Mmelala?" Bibi hakuwa mwoga, hilo nimpe. Aliinuka, akalisukuma dirisha kwa nguvu, akatoa kichwa. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na ukungu tu, na njia, na ukuta wa jirani.

"Mwizi gani huyu," alituuliza asubuhi, "mwenye adabu ya kuuliza kwanza?"

Swali lile lilitosha mtaa mzima kwa wiki. Kesho yake jirani yetu fundi baiskeli naye alikuwa ameisikia sauti. Keshokutwa wakaisikia nyumba zote za mstari wetu mpaka kwenye hoteli ya chai iliyo mwisho wa njia, na wale ambao hawakuisikia waliona haya kusema. Ilielezwa kwamba ana dawa. Ukimjibu "ndiyo, tumelala," usingizi unakushika kwelikweli, naye anaingia na kusomba atakacho. Ushahidi ulipatikana: kijana mmoja wa nyumba ya nyuma alimjibu, na hakuamka mpaka jua la mchana. Kijana yule hakuwa amewahi kuamka kabla ya jua la mchana maisha yake yote, lakini mambo kama hayo hayakumbukwi watu wanapokuwa na hofu. Kuhusu kutoonekana kwake, hapo hapakuhitaji maelezo. Mwizi wa mjini haonekani.

Hakuna aliyeibiwa hata sindano. Hilo ndilo lililowatisha zaidi. Fundi baiskeli alisema mwizi anayeiba utamjua anataka nini, lakini huyu anayeuliza na kuondoka, huyu ana lake kubwa.

Mimi niliisikia sauti asubuhi ya tano au ya sita, nikiwa nimelala mkekani chumbani kwa bibi. Nilipoisikia nikacheka. Shuleni niliketi dawati moja na msichana ambaye wazazi wake walitoka Tukuyu, naye ndiye aliyenifundisha salamu ya kwao. Asubuhi Mnyakyusa anakuuliza, "Ugonile?", yaani umelala, umelala salama, nawe unamjibu, "Ndaga." Mtu yule aliyekuwa nje aliichukua salamu yake, akaivua Kinyakyusa, akaivisha Kiswahili, akaja nayo mjini. Hakuwa anauliza kama tumelala ili aingie. Alikuwa anasema habari za asubuhi.

"Bibi," nikasema, "huyo anatusalimu."

Bibi akanigeukia gizani. "Umejuaje?"

Nikamweleza yote, kwa fahari, kama mtu anayejibu swali la mtihani. Nikamtajia neno lenyewe na jibu lake. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, na lilipaswa kunionya.

"Na maneno hayo umejifunzia wapi, mke mwenzangu?"

"Shuleni."

"Ahaa," akasema bibi.

Jioni ile, baba aliporudi, alikuta kesi imeshaandaliwa. Mtoto anakijua kilugha cha wezi. Amefundishwa shuleni, au njiani kwenda shule, ambayo ni mamoja. Kama maneno yao amekwisha kuyajua, bado nini? Kesho atawajua wenyewe. Mama alijaribu kusema kwamba Kinyakyusa ni lugha ya watu wengi sana, wakiwemo karani wa posta na muuguzi aliyemzalisha nilipozaliwa mimi. Bibi akasema hakuna aliyewataja hao. Baba alikuwa akikoroga chai ambayo sukari yake ilishayeyuka. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa mtu aliyemwogopa mama yake na kuupenda mji utulie, basi.

"Atapumzika shule kidogo," akasema. "Mpaka mji utulie."

Nililia usiku kucha, na sikulia kwa siri. Nilitaka wasikie. Asubuhi nilijaribu kuvaa sare yangu kama kawaida nikaikuta imefungiwa kwenye kasha la bibi, na bibi ameketi juu ya kasha akisuka ukili.

Wakati huo sauti ilikuwa imeshapanda lori. Wafanyabiashara waliipeleka Iringa pamoja na viazi na maharage, wakiishusha kidogo Nyololo wakati wa kunywa chai, na huko njiani ikanenepa. Tulizijua habari zake shangazi alipowasili kutoka Iringa, ambako aliolewa na muuza chumvi. Alikuja, alisema, kunichukua mimi. Iringa kuna usalama.

Alipokwisha kunywa chai akatueleza usalama wenyewe ulivyo. Iringa mjini watu wameanza kufunga milango kabla ya magharibi. Inasemekana kule Mbeya kuna mtu anayeuliza watu kama wamelala, na nyumba anayoiuliza haiamki. Mtaa mzima umekwisha, alisikia, karibu na hoteli ya chai.

"Mtaa upi?" baba akauliza.

Shangazi akautaja. Ulikuwa wetu.

Tukatazamana. Mama akainama kuchochea jiko ambalo lilikuwa linawaka vizuri tu. Shangazi aliona mwenyewe kwamba tupo, na kwamba tunakunywa chai, lakini hakuiacha habari yake kwa sababu hiyo. Alisema labda ni mtaa mwingine wenye jina hilohilo. Kisha akasimulia jinsi mgeni mmoja kutoka Mbeya alivyobisha hodi alfajiri kwa ndugu zake wa Iringa, akawauliza kwa wema kama wamelala salama, wakammwagia ndoo ya maji ya baridi kupitia dirishani. Julai, Iringa! Hata bibi alimhurumia.

"Wezi mbona Iringa wapo pia," mama akasema polepole.

"Wapo," shangazi akakubali. "Lakini wale ni wa kwetu. Tunawajua."

Nadhani ni aibu ya kuambiwa na Iringa kwamba mtaa wake umekwisha ndiyo iliyomwamsha baba. Alizungumza na fundi baiskeli na wanaume wengine wawili, wakakubaliana kumngoja mtu huyo. Alfajiri iliyofuata walijibanza kandokando ya nyumba yetu na fimbo zao, wamejifunga mablanketi, wakitetemeka kwa baridi na kuambiana wasitetemeke kwa sauti. Mimi, mama, bibi na shangazi tulikuwa ndani, tumebanana nyuma ya dirisha. Shangazi alikuwa ameahirisha safari ya kurudi Iringa kwa ajili ya jambo hilo tu.

Tukasikia nyayo, kisha kitu cha bati kikiwekwa chini.

"Mmelala?"

Mpango ulikuwa watu wakae kimya mpaka baba akohoe. Lakini fundi baiskeli alikuwa mtu wa watu, amelelewa kuitikia anapoulizwa, na baridi ilikuwa imemchosha akili. Kutoka nyuma ya pipa la maji tukamsikia akijibu kwa sauti kubwa, "Hatujalala!"

Hapo wanaume wote wakamrukia yule mwenye sauti.

Bibi alipolifungua dirisha, kwa mara ya kwanza akamwona mwizi wake. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, amevaa koti kuukuu la jeshi, amechutama chini kabisa ya dirisha na viganja vyake vimekutana mbele ya kifua. Pembeni yake palikuwa na ndoo yenye kifuniko. Baba alimshika kola, wale wengine wamemzunguka na fimbo, na yeye hakusimama wala hakukimbia. Aliwatazama kama mtu aliyevamiwa na wagonjwa.

"Unafanya nini hapa?" baba akamfokea.

"Nasalimu, baba."

"Unamsalimu nani saa hizi?"

"Wenye nyumba. Mimi napeleka maziwa pale hoteli ya chai, natoka nayo Uyole. Napita hapa kwenu kila siku. Sasa nikipita kimya mlangoni kwa watu, si mtasema mimi mwizi?"

Kisha bibi akauliza kutoka dirishani, kwa hasira ya mtu anayeona haki yake inaponyoka, "Basi mbona huonekani? Nilitazama!"

Mzee akainua uso. "Nachutama, mama. Namsalimu mtu mkubwa, nitasimama kama mti?"

Mama yangu ndiye aliyeanza kucheka, akafuata fundi baiskeli, mpaka baba akaiachia ile kola na kuinyoosha kwa mkono wake mwenyewe. Walimkalisha barazani kwetu. Walimletea chai, wakatia ndani yake maziwa yake, wakamlipa. Bibi alitoka nje, jambo la nadra, akamsomea mzee hotuba ndefu kuhusu namna watu wa pwani wanavyosalimiana asubuhi, na mzee akaitikia kila sentensi kwa "ndaga", ambayo bibi aliichukua kuwa ni kukubali makosa. Tangu siku hiyo tulinunua maziwa kwake. Kila jirani alikumbuka kwamba yeye tangu mwanzo alishuku ni muuza maziwa.

Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikiungua kwa furaha. Nilisema kweli tangu mwanzo, na sasa kila mtu aliiona. Nilikuwa nimeshaihesabu njia yangu yote kichwani, soko, stendi, kilabu, Uhindini. Mtihani ulikuwa bado mbele. Nilikuwa na muda.

Shangazi tu ndiye aliyeonekana kupunjwa. Alipanda lori siku ya pili bila mimi, na baadaye tukasikia jinsi alivyoifikisha habari Iringa: mtu yule amekamatwa, ni kweli alikuwepo, na alikuwa na ndoo. Kilichokuwa ndani ya ndoo hakukisema. Iringa waliendelea kufunga milango mapema.

Jioni ya siku ile aliyokamatwa muuza maziwa, mama aliniita nikae karibu naye, akamwambia baba, mimi nikisikia, "Mume wangu, mji umetulia. Mtoto arudi shule."

Baba alitafuna chakula chake. "Ni kweli umetulia," akasema. "Sasa kwa nini tuuchokoze?"

Mama akasema mwizi hakuwepo. Baba akasema huyo ni kweli hakuwepo, wengine je? Mama akasema muuza maziwa ni mtu mwema. Baba akasema ndiyo, lakini tumemjua baada ya kumkamata, na hatuwezi kumkamata kila mtu aliye njiani mpaka shuleni ili tujue wema wake. Niligundua kwa hofu kwamba baba alikuwa amefikiri sana. Bibi naye hakusema neno, maana hakuhitaji tena. Kwa majuma yale niliyofungiwa alikuwa amezoea kukandwa miguu mchana, na nilikuwa naikanda vizuri.

"Na yeye mwenyewe ameshazoea," baba akamalizia. "Mtazame. Halii tena."

Mwalimu alikuja dukani kwa baba, mama alinieleza. Baba alimpa kiti na chai. Alimweleza kwa heshima hali ya mji ilivyo. Mwalimu akasema yeye hupita njia hiyohiyo kila siku, peke yake, na hajaona ubaya. Baba alimwonea huruma sana. Usiku ule alimwambia mama kwamba mwanamke mzuri kama yule angepata mume wa kumkataza.

Siku ya mtihani ilikuwa ya jua. Nilikuwa dirishani kwa bibi nikichambua mchele, na nikamwona mwenzangu wa dawati akipita, amechongewa penseli mpya, anakimbia kidogo na kutembea kidogo. Alisimama, akanipungia mkono, halafu akaona uso wangu akaendelea. Nilimchukia baba siku ile. Nilimchukia kwa moyo wangu wote, nikamtengea chakula jioni, nikamnawisha mikono.

Yule mwenzangu alikwenda bweni, kisha akawa muuguzi. Mimi niliendelea kusoma magazeti ya kufungia bidhaa aliyorudi nayo baba kutoka dukani, vipande vipande, habari nyingi zikiishia pale mkasi ulipopita. Ndiko nilikojifunza kuandika hivi ninavyoandika. Miaka miwili baadaye sare yangu ilitolewa kashani ikashonwa foronya.

Na mji ukaendelea kuharibika, kwa mujibu wa wazee wote, bila kuacha hata siku moja. Wageni wa Iringa walipokuja kutafuta mchumba, shangazi akiwa mbele yao, mazungumzo yalikwenda kwanza huko, kama ilivyo adabu: wahuni, vilabu, wasichana wa siku hizi wanaozagaa njiani na vitabu. Baba alitikisa kichwa kwa masikitiko. Kisha akanionyesha kwa mkono, pale nilipokuwa nimepiga magoti na sinia la vikombe, na sauti yake ikalainika kwa upendo wa kweli, maana alinipenda, hilo sijawahi kulitilia shaka.

"Mji ndio huo," akawaambia. "Lakini binti yangu huyu, alhamdulillahi, miaka yote hii hajapatwa na lolote."

Wageni wakamshukuru Mungu, wakanitazama na kunipongeza. Nilipokea vikombe vitupu, nikaenda jikoni kuongeza maji ya chai. Baba alikuwa amesema kweli tupu. Miaka yote ile, halikunipata lolote.